Mjomba, mwambie kijana kwetu kuna historia

Berlin, Ujerumani

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Mipingo, wewe, mkaza mjomba na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, baridi tu ndiyo hainizoei.

Juzi kwenye simu mdogo wangu alinieleza kuwa mwalimu amewataka waandike historia ya mahali wanakotoka, naye ameamua kuandika ya Kilwa kwa sababu eti kwetu hakuna kitu. Neno hilo limenikaa moyoni. Kilwa ina magofu na habari za masultani, haki yake. Lakini mtoto wa Mipingo akisema kwao hakuna kitu, ni sisi wakubwa hatukumwambia. Basi nakuomba umsomee haya ya Tendaguru na mifupa yake ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale.

Aanze na ardhi yenyewe. Tendaguru ni kilima cha kawaida tu, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, karibu na bonde la Mbwemkuru. Ardhi yake imelala matabaka: tabaka la mifupa, juu yake mchanga wa bahari wenye makombe, halafu mifupa tena, halafu makombe tena. Maana yake miaka kama milioni 150 iliyopita bahari ilikuwa inaingia na kutoka huko, na wale dinosaria walikuwa wanyama wa pwani, kama sisi.

Kisha aje kwa watu. Vita vya Majimaji vilianza 1905 na Wamwera walikuwamo. Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wakati nchi iko katika hali hiyo, mwaka 1906, mhandisi mmoja Mjerumani, Sattler, aliyekuwa anatafuta madini, akaona mfupa mkubwa umejitokeza juu ya ardhi. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la hapa Berlin likaendesha uchimbaji, na kuna wakati vibarua walifika mia nne, mia tano, wengi wakiwa na wake na watoto, hata pale kilimani pakawa kijiji kizima. Mimi nikifikiria watu waliotoka kwenye njaa ile wakipewa jembe na sururu wafukue mifupa, nashindwa kuisoma habari hii kama habari ya wanyama peke yake.

Hapo kwenye kubeba ndipo nataka akae sana. Barabara haikuwapo, wala gari. Zaidi ya tani 200 ziliondoka Tendaguru kwa vichwa vya watu. Mfupa ulifungwa vizuri, mwingine ukaviringishiwa mianzi iliyopasuliwa na kukazwa kwa kamba, kisha mtu anajitwika. Mzito mno unaning'inizwa kwenye mti, wanaupokea watu wawili au zaidi mabegani. Safari ya siku nne hivi hadi Lindi, huko unapakiwa melini. Katika picha za zamani utawaona wamepanga mstari njiani, mizigo kichwani, na chini ya picha hakuna jina hata moja. Na mjomba, ghalani mwa makumbusho ya hapa Berlin bado kuna vifurushi vya mianzi ile ambavyo havijafunguliwa mpaka leo.

Jina moja kati ya machache yaliyosalia ni la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina la kumkumbuka, *Australodocus bohetii*. Waingereza nao walikuja kuchimba kuanzia 1924 hadi 1931, lakini hao asiwape nafasi kubwa.

Yule dinosaria mrefu kuliko wote alisimamishwa hapa makumbusho mara ya kwanza 1937, mita 13 na ushee. Nimekwenda kumwona. Mfupa mmoja tu wa mkono wa mbele unanipita urefu. Watoto wa shule za hapa wanapita mbele yake vikundi kwa vikundi, wanalijua jina la Tendaguru, na wa kwetu hawalijui! Wapo huko nyumbani wanaodai mifupa irudi. Mimi nawaunga mkono wanaosema kijiji nacho kifaidi, maana kiingilio kinalipwa hapa kila siku, na pale kilimani mgeni akifika haoni hata kibanda cha kumweleza.

Nina ombi. Msimu wa ufuta ukiisha, umpeleke kijana kwa wazee waliobaki, kwanza wale ambao babu zao walichimba au kubeba. Awaulize majina, walitoka kijiji gani, walilipwa nini, walilala wapi njiani. Arekodi kwa simu, na kila jina aliandike daftarini siku hiyohiyo. Hela ya daftari na vocha nimeituma kwa namba yako. Akimaliza anitumie, nitapeleka nakala pale makumbusho mimi mwenyewe.

Nisalimie wote, hasa bibi. Mwambie dawa ya miguu nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Wasalaam,
Mpwa wako