Maziwa yaliyochemshwa yanaweza bado kuwa na sumu

Ndugu Mhariri,

Habari za vihisi vya nano, yaani vifaa vinavyotumia chembe ndogo mno kupimia sumu za bakteria, huja na sifa zilezile: kinagundua nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu), kinagundua pikogramu (ndogo zaidi mara elfu). Mimi napima maziwa kituo cha kukusanyia, na ningependa tuambiwe kwanza kihisi kilijaribiwa ndani ya nini.

Mara nyingi ni ndani ya maji ya chumvi ya maabara. Kihisi hiki ni ndugu wa mashine ya kupimia sukari waliyo nayo wenye kisukari. Elektrodi ya kaboni hupakwa chembe za dhahabu au grafini (utando mwembamba mno wa kaboni) ili ipitishe umeme vizuri, kisha hupandikizwa kingamwili, protini inayoshika sumu moja tu. Sumu ikinasa, umeme unaopita hubadilika. Lakini maziwa yana mafuta na kaseini (protini ya maziwa), navyo hugandamana na elektrodi hiyohiyo. Kilichong'ara maabara, huku kinaweza kuduwaa.

Nasisitiza maziwa kwa sababu ya yaliyotokea Japani mwaka 2000. Umeme ulikatika kwa takriban saa tatu katika kiwanda cha Snow Brand kule Taiki, Hokkaido, maziwa yakakaa na joto, na bakteria wa Staphylococcus aureus wakazaliana na kutoa sumu. Joto la kiwandani liliwaua bakteria. Sumu ikabaki kwenye maziwa ya unga. Unga huo ulipotumika Osaka, watu zaidi ya 13,000 waliugua. Anayetafuta bakteria hai katika maziwa ya namna hiyo hapati kitu.

Sisi huku tuna laktomita ya kukamata maji na alkoholi ya kukamata maziwa yaliyoanza kuchacha. Dumu la ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, lililokaa juani kwenye bodaboda, linaweza kupita vyote viwili. Mlaji tunamwambia achemshe, na achemshe kweli, maana kuna brusela na kifua kikuu, ila sumu hii hustahimili mchemko. PCR, kipimo cha vinasaba, nayo huonyesha kwamba bakteria ana jeni ya sumu, si kwamba sumu imeshatolewa. ELISA, kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili, huiona sumu yenyewe, lakini inataka maabara na saa kadhaa. Mfugaji amesimama mlangoni anasubiri risiti.

Kwa hiyo watafiti wetu watakaoshika kazi hii wajaribu vihisi vyao kwenye maziwa mabichi, katika joto la mchana, na watangaze bei ya kipimo kimoja kando ya bei ya lita. Binafsi naona aptama, vipande vya DNA vinavyofanya kazi ya kingamwili, zina nafasi zaidi kwetu, kwani hazitegemei friji kiasi hicho.

Na kipimo kifanyike kabla dumu halijamiminwa kwenye tangi la pamoja. Likishamiminwa, hakuna ajuaye tena sumu ilitoka kwa nani, na hasara hugawanywa kwa wafugaji wote.

Mpimaji wa maziwa,
Tanga