Barua kwa mwanangu, wiki aliyoondoka Mookie Betts

Lowell, Massachusetts
Jumapili, 16 Februari 2020

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu wiki hii nzima hatukupata nafasi ya kukaa pamoja. Mimi narudi kutoka zamu ya usiku wakati wewe unatoka, na Jumamosi utapanda ndege kwenda Los Angeles. Jumatano ulisimama mlangoni na koti mkononi, ukasema kwamba wewe na Red Sox ya Boston basi, na kwamba timu ya besiboli inayomwachia mchezaji kama Mookie Betts aende haistahili hata kutazamwa. Sikukujibu. Maneno hayo nimekwenda nayo kazini zamu tatu, na nakujibu sasa kwa sababu nilivyokusikia, hukuwa unazungumzia besiboli peke yake.

Una haki katika mengi. Mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, akapiga kwa wastani wa .346, akavusha mipira 32 nje ya uzio na kuiba vituo 30 katika msimu huo huo, hatolewi akiwa na miaka 27 kwa sababu ya hesabu. Wanasema kiwango cha kodi ya anasa, yaani jumla ya mishahara ambayo klabu ikiivuka hutozwa, mwaka huu ni dola milioni 208, kwamba klabu imekivuka miaka miwili mfululizo, na ikikivuka mara ya tatu itatozwa asilimia 50 ya kila kilichozidi. Ikishuka chini yake mwaka mmoja tu, adhabu inarudi mwanzo, asilimia 20. Nyumba hii nimeiendesha kwa kuhesabu, kwa hiyo hesabu hiyo naielewa. Ninachoomba utazame ni nani aliyeijaza. Wote watatu ni warushaji wa mpira: David Price alipewa dola milioni 217 kwa miaka saba, Nathan Eovaldi akapewa milioni 68 baada ya Oktoba moja nzuri, na Chris Sale akaongezewa milioni 145 Machi iliyopita, kisha kabla ya msimu kwisha kiwiko kikamsimamisha. Waliokosea walikuwa ofisini, na deni limelipwa na kijana aliyekuwa akilinda upande wa kulia wa uwanja. Kocha wetu Alex Cora alipoondoka Januari kwa ule udanganyifu wa Houston, wa kuiba ishara za wapinzani, niliumia, lakini nilikubali, kwa kuwa alibeba kosa lake mwenyewe. Mookie alikosa nini?

Tena wameachana naye vibaya. Tarehe 4 tuliambiwa mapatano yamekwisha, timu ya Minnesota nayo ikiwemo, halafu karatasi za daktari za mrushaji wao Brusdar Graterol zikaleta mashaka, na watu wazima wakakaa siku kadhaa bila kujua wafungashe mizigo ya kwenda wapi. Tarehe 10 ndipo ikathibitishwa kwamba Betts na Price wanakwenda Dodgers, timu ya huko huko Los Angeles unakokwenda, klabu yetu ikibeba nusu ya dola milioni 96 zilizobaki katika mkataba wa Price, na sisi tunapewa Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Usiku ule wa Oktoba 2018 unaujua, sitausimulia. Nasema tu kwamba uwanja waliotushindia ubingwa ndio huo wanakopelekwa. Vijana waliokuja badala yao usiwachukie. Verdugo anapiga vizuri ingawa mgongo wake bado haujapona, na wale wawili hawajacheza ligi kuu hata mechi moja. Hawakuomba kuletwa kuziba pengo la mtu kama Mookie.

Kazini nimesikia watu wakisema kwamba Mookie ana tamaa kwa kukataa mikataba mirefu aliyopewa. Nimeyapinga maneno hayo hadi muuguzi wa zamu akaniomba nipunguze sauti. Mwaka 2016 alishika nafasi ya pili katika kura za mchezaji bora, na msimu uliofuata klabu ikampangia dola 950,000. Mwaka 2018 alikwenda mbele ya wasuluhishi wa mishahara, wakampa milioni 10.5 wakati klabu ilitaka kumpa 7.5, mwaka jana ikawa 20, na mwaka huu 27. Kila mara alitaja thamani yake bila kumtukana mtu, kisha akaingia uwanjani kucheza kwa moyo wote. Wewe kampuni ile ilipokunyima nyongeza mwaka wa pili mfululizo, nilikwambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Jembe lile lilikuwa na mpini uliovunjika, mwanangu, na nilikuwa nauona. Nilitaka tu uwe karibu, na sikujua namna nyingine ya kulisema.

Kwa hiyo usiondoke ukidhani kwamba hapakuwa na mtu aliyetaka ubaki. Mwenye timu, John Henry, alisema tangu Septemba kwamba nia yao ni kushuka chini ya kiwango, na Chaim Bloom alipoletwa kutoka timu ya Tampa Bay mwezi uliofuata kuongoza ofisi ya besiboli alilikuta jambo hilo mezani. Labda hata wao walitaka Mookie abaki, wakashindwa kusema sentensi moja iliyonyooka. Mimi sitaki kufanana nao.

Hata hivyo sikusifu kwa kila kitu. Ile fulana ya bluu ya Dodgers nimeiona nilipokuwa nakutilia soksi begini, na imeniudhi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu aliyekukosea ni mwenye timu na wewe unawaadhibu wachezaji. Xander Bogaerts alikubali milioni 120 kwa miaka sita ili abaki hapa. Rafael Devers ana miaka 23 na mwaka jana alivusha uzio mara 32. Hao unawaachia nani? Bibi ninayemhudumia usiku, mwenye miaka 93, aliniambia kwamba baba yake hakuwasamehe wenye timu kwa kumuuza Babe Ruth kwa Yankees, jambo lililotangazwa Januari 1920, miaka mia moja kamili iliyopita. Hadi anakufa hakuwasamehe, na hadi anakufa hakuacha kusikiliza mechi redioni. Ubingwa uliofuata ule wa 1918 ulikuja mwaka 2004, naye hakuuona. Besiboli nami nilijifunza kwa redio, nikienda kazini na sauti ya mtangazaji Joe Castiglione garini, ili nikirudi niwe na la kuzungumza nawe. Mechi zako za utotoni zilizonipita unazijua idadi yake kuliko mimi.

Mfuate Mookie ukitaka, mshangilie, ni haki yako. Lakini usituhame kwa hasira, na nasema tena, usiende ukiamini kwamba tumekuacha uende kwa urahisi.

Koti zito mwachie mdogo wako, huko hutalihitaji. Bizari na pilipili za kusaga nimezifunga katika makopo mawili, usiziweke kwenye begi la mkononi. Mpigie bibi yako Tanga kabla ya Jumamosi, maana ameuliza mara mbili. Bili ya kebo inaisha mwezi huu na NESN, chaneli inayoonyesha mechi za Red Sox, tulikuwa tunailipia kwa ajili yako. Nimeamua kuiendeleza, ila sijui neno la siri, basi niandikie nyuma ya karatasi hii. Mechi ya kwanza ni tarehe 26 Machi, Toronto. Mechi za jioni zikianza hapa saa moja usiku, kwako itakuwa saa kumi alasiri, nami huingia kazini saa tano, kwa hiyo tunaweza kuzungumza hadi karibu na mwisho wa mchezo kama utakuwa umetoka kazini.

Mama yako