Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Msituni hadi Karatasi Chakavu

Ndugu wanachama,

Chama hiki kimewaweka meza moja watu ambao kwingineko hulaumiana: wapanda miti, wenye viwanda vya mbao, wasanifu na wahandisi wa majengo, watengenezaji wa karatasi na wakusanyaji wa karatasi chakavu. Mwaka huu kamati zetu zote, kila moja kwa njia yake, zilikwama kwenye swali lilelile: je, anayetumia mbao anauokoa msitu au anaumaliza? Nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu hoja tatu mtakazozipigia kura zinatokana nalo.

Kwa mujibu wa tathmini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2020, dunia ina misitu ya hekta bilioni 4.06, karibu asilimia 31 ya nchi kavu. Kati ya 2015 na 2020, takriban hekta milioni 10 zilifyekwa kila mwaka. Uchunguzi wa picha za setilaiti ambao shirika hilohilo liliutangaza mwaka 2021 ulionyesha kuwa karibu asilimia 90 ya ufyekaji huo unatokana na kilimo na malisho. Wenzetu wa viwanda vya mbao hupenda kuitaja takwimu hiyo, na wana haki. Lakini naomba tusijifiche nyuma yake. Barabara iliyochongwa ili kutoa magogo ndiyo mara nyingi humfungulia njia anayekuja baadaye na moto na jembe. Mvunaji asiyefunga barabara yake baada ya kuondoka ana sehemu yake katika hesabu ile.

Kanuni ya kutovuna kuliko kinachoota si ngeni. Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saksonia, aliiandika mwaka 1713 alipoona tanuri za kuyeyushia madini zikimaliza kuni za eneo zima. Ila kanuni hiyo peke yake haitoshi. Shamba la miti ya aina moja linaweza kutoa ujazo uleule wa magogo mwaka baada ya mwaka, na bado likakosa ndege, likakausha kijito na kuwanyima wenyeji njia zao za asili. Kwa hiyo kamati ya misitu imesisitiza mambo ambayo hayaonekani kwenye jedwali la ujazo: kuacha miti mizee na baadhi ya iliyokufa, kutogusa kingo za mito, na kuwasikiliza wanaoishi kando ya msitu kabla ya msumeno kuwashwa.

Kuhusu vyeti vinavyothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, mifumo mikubwa miwili, FSC iliyoanzishwa 1993 na PEFC iliyofuata 1999, inajulikana kwenu nyote. Udhaifu tunaoukuta uko katikati ya safari. Gogo lenye cheti huingia kwenye uwanja wa kiwanda kidogo, likalazwa karibu na lisilo na cheti, na jioni hakuna awezaye kuyatofautisha. Wamiliki wa misitu midogo nao hulemewa na gharama za ukaguzi, na kwao vyeti vya kikundi, yaani wamiliki wengi kukaguliwa pamoja chini ya cheti kimoja, ndiyo njia ya haki. Kuna pia sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayokataa bidhaa za mbao kutoka ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020 na kudai majira-nukta, yaani vipimo vya latitudo na longitudo, ya mahali mti ulipokatwa. Kuanza kwake kumesogezwa mbele, na baadhi yenu mmeshauri tusubiri. Mimi nasema tusisubiri. Kuandika majira-nukta siku ya kuvuna ni kazi ya dakika chache; kuyatafuta baada ya mbao kupita mikono mitano karibu haiwezekani.

Sasa majengo. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Mita moja ya ujazo yenye kilo 500 za mbao kavu inashikilia takriban kilo 250 za kaboni, sawa na kiasi cha tani 0.9 za hewa ukaa ambayo mti uliivuta. Ukilinganisha na saruji, ambayo utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, unaelewa kwa nini wasanifu wameamka. London ilipata jengo la makazi la ghorofa tisa la mbao za tabaka, yaani mbao zilizogundishwa kwa kupishana ziwe paneli nene, huko Murray Grove mwaka 2009. Norway ikajenga jengo la mbao la Mjøstårnet, lenye urefu wa mita 85.4, mwaka 2019. Milwaukee, Marekani, ikafuata na jengo la Ascent mwaka 2022, ghorofa 25, ingawa ghorofa zake za chini na minara ya lifti ni zege.

Navutiwa na majengo hayo, lakini sioni faida yetu ikiwa kwenye urefu. Iko kwenye majengo ya kawaida ya ghorofa nne hadi nane: shule, ofisi, nyumba za kupanga. Hapo ndipo mbao huchukua nafasi ya zege bila mbwembwe na bila gharama za ajabu. Hofu ya moto imejadiliwa vya kutosha katika mafunzo yetu. Boriti nene huungua takriban milimita 0.7 kwa dakika, na tabaka la mkaa linalojitengeneza nje huilinda sehemu ya ndani, hivyo mhandisi huongeza unene kulingana na dakika anazohitaji. Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mbao zikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20, kuvu hupata makao. Nimeona mbao nzuri zikiachwa wazi kwenye mvua, halafu zikafunikwa na dari zikiwa bado mbichi. Jengo la namna hiyo halitadumu, na kaboni yake itarudi hewani mapema.

Ndiyo maana nasema jengo la mbao lisiitwe la kijani kabla hatujajua mbao zimetoka msitu upi, msitu huo unarudishwa vipi, jengo litaishi muda gani na litavunjwaje. Boliti na skrubu hufunguka. Kiungo cha gundi hupasuliwa kwa msumeno na boriti huharibika.

Upande wa karatasi, kila urejelezaji hufupisha nyuzi za mti zinazoishikilia karatasi. Kwa makadirio ya kawaida, unyuzi hustahimili mizunguko mitano hadi saba, kisha huchujwa na maji. Kwa hiyo nyuzi mpya zitahitajika daima, na zitoke kwenye vipande vya viwanda vya mbao na miti inayopunguzwa shambani, si kwenye magogo yanayofaa kupasuliwa mbao. Kutoa wino kwenye karatasi chakavu kunafahamika tangu Justus Claproth wa Göttingen mwaka 1774. Leo viwanda hupuliza viputo vya hewa kwenye rojo la karatasi na maji, wino ukapanda juu na povu. Ugumu umebaki kwenye uchafu: mafuta ya chakula, vikombe vyenye utando wa plastiki, risiti, vipande vya chupa. China ilipofunga mlango kwa taka ngumu zote kutoka nje mwaka 2021, waliozoea kuuza marobota machafu walikosa pa kuyapeleka.

Usafi huo huanzia mikononi mwa mkusanyaji, naye hulipwa kwa uzito tu. Akichambua vizuri, hapati ziada yoyote. Hilo ni dhuluma, na pia linaharibu malighafi tunayoitegemea sote.

Hesabu za chama zimekaguliwa na zimeambatishwa.

Hoja ya kwanza ni kila mwanachama mwenye kiwanda kutenga uwanja wa magogo yenye cheti. Ya pili ni mwongozo wetu wa ujenzi kudai viungo vinavyofunguka na kinga dhidi ya mvua wakati wa ujenzi. Ya tatu, ambayo naiunga mkono kwa moyo wangu wote, ni viwanda wanachama kuwalipa wakusanyaji kwa daraja la ubora na kuwapa viti viwili katika kamati ya karatasi, vyenye haki kamili ya kura.

Mwenyekiti