Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa ya sumu ya nyoka haitaletwa na soko

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha mashambani, kaskazini mwa Bonde la Ufa. Mtu aliyeumwa na nyoka akiletwa, kwanza nafungua leso aliyokazwa nayo mguuni na kubandua jiwe jeusi, ambalo watu huamini hunyonya sumu. Kisha nachota damu, naitia kwenye kichupa kikavu cha kioo na kukiacha dakika 20. Nikikiinamisha na damu ikamwagika kama maji, najua haigandi tena, na hapo ndipo nafungua friji. Mara nyingi haina dawa.

Wala si kwamba dawa hiyo haijulikani inavyotengenezwa. Tangu miaka ya 1890 farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo huchujwa. Kinachokosekana ni faida. Dawa ya Fav-Afrique ya kampuni ya Kifaransa Sanofi Pasteur, iliyotibu sumu ya aina 10 za nyoka wa Afrika, iliacha kutengenezwa mwaka 2014. Chupa za mwisho zilimaliza muda wake Juni 2016. Kampuni ilisema imezidiwa na dawa za bei nafuu. Kwa hesabu za biashara hawakukosea: wateja wao ni wachungaji na wakulima, na serikali zetu huagiza leo, zikanyamaza kesho.

Sasa hizo za bei nafuu. Huko Ghana, hospitali moja ilipohamia dawa iliyotokana na sumu ya nyoka wa India, vifo vilipanda kutoka chini ya wagonjwa 2 kwa kila 100 hadi 12. Tunaambiwa ushindani huzaa ubunifu. Hapa ulimtoa sokoni mwenye dawa iliyofanya kazi, ikabaki ile iliyoandikwa tu kwamba inafanya kazi.

Watafiti tunao. Pale KIPRE, taasisi ya serikali ya utafiti iliyoko Nairobi, wapo wanaoshughulikia sumu za nyoka wetu wenyewe, wakishirikiana na chuo cha tiba ya magonjwa ya tropiki cha Liverpool, Uingereza. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, ahadi ambayo Hazina haijaitimiza hata mara moja. Najua mfuko huo hauko mikononi mwako. Ununuzi uko.

Kaa na wenzako wa Tanzania na Uganda (moma wa Baringo na wa Dodoma ni yuleyule), mtie saini kuagiza kwa pamoja kwa miaka mitano mfululizo, ili mtengenezaji ajue atauza. Na dawa yoyote itakayotokana na utafiti uliolipiwa na umma, bei yake iandikwe kwenye mkataba kabla kampuni haijakabidhiwa.

Tukisubiri hayo, tangaza KEMSA, mamlaka ya serikali inayonunua na kusambaza dawa, iliagiza chupa ngapi mwaka jana, na kila kaunti ilipata ngapi.

Wako mtiifu,
Tabibu wa mashambani