Fundi, usipige Windows kabla ya kuokoa faili zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na hasa mafundi wa kompyuta wa mitaani, jambo lililonipata nyumbani kwangu hapa Morogoro, kwa kuwa naamini wapo wengi wanaopoteza kazi ya miaka mingi kwa uamuzi unaochukua dakika moja tu mbele ya meza ya fundi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30, na hesabu zetu zote nazitunza katika kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni kwangu. Jumamosi moja jioni umeme ulikatika wakati Windows, yaani programu endeshi inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi, ikiwa katikati ya kujisasisha. Uliporudi, kompyuta iliwaka, ikaonyesha nembo, vidoa vikazunguka kwa muda, kisha ikazima na kuanza tena, ikaendelea hivyo hadi nilipochomoa waya. Fundi niliyempelekea kesho yake hakuichunguza hata dakika tano. "Mama, hii ni ya kupiga Windows upya," aliniambia, na nilipomuuliza kuhusu faili zangu akajibu kwamba zote zitafutika, kana kwamba anazungumzia vumbi la ndani ya mashine. Sikukubali, nikarudi nayo nyumbani.

Hapa ndipo penye kosa ninalotaka lirekebishwe. Windows inapogoma kuwaka, mara nyingi kilichoharibika ni programu endeshi tu, na faili za mwenye kompyuta zimo ndani ya diski vilevile zilivyokuwa. Kinachozifuta ni huko kufomati diski ili kupiga Windows upya. Dunia nzima ilishuhudia jambo hilo tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, safari za ndege zikafutwa na hospitali zikaahirisha baadhi ya huduma, lakini tiba ya nyingi kati ya kompyuta hizo ilikuwa kuziwasha katika hali salama, yaani kwa programu za lazima tu, na kufuta faili moja tu yenye kasoro.

Kijana wa jirani anayesoma chuo alikuja na flashi yenye Linux, programu endeshi nyingine tofauti na Windows, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, na diski yangu ikafunguka, folda zote zikiwa mahali pake. Kwa kuwa nilikuwa na diski ya nje ambayo kila Ijumaa nanakili humo folda yangu ya nyaraka, nilimwambia asijisumbue, tupige Windows tu. Akakataa. Alisisitiza tunakili kwanza kila kilichomo, hata folda zilizofichwa, na kazi hiyo ilituchukua karibu saa tatu.

Ndipo tukaweka Windows upya, nikarudisha nakala zangu za Ijumaa, nikasakinisha na kufungua programu ya hesabu za kikundi. Ilikuwa tupu: hakuna mwanachama, hakuna hisa, hakuna mkopo. Niliifunga na kuifungua mara tatu, nikidhani nimekosea mahali. Kumbe programu ile ilikuwa ikitunza kumbukumbu zake katika folda nyingine kabisa, iliyofichwa, na katika Ijumaa zote za miaka 3 nilizonakili kwa uaminifu sikuwahi kunakili hata shilingi moja ya wanachama. Kijana aliitafuta folda hiyo katika nakala tuliyoichukua kwa Linux, akairudisha mahali pake, na majina yakajitokeza moja baada ya jingine, la kwanza likiwa la mama muuza maandazi aliyebakiza Sh45,000 za mkopo wake.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wenye kompyuta majumbani wasiridhike kuona faili zimehamia kwenye diski ya nje, bali wachukue diski hiyo, waichomeke kwenye kompyuta nyingine, na wajaribu kufungua kile wanachokitegemea. Baada ya kunakili, diski ichomolewe, kwa sababu virusi vinavyofunga faili hufunga na za diski iliyochomekwa. Wengine hutegemea folda inayojioanisha na intaneti, lakini faili ukiifuta kwenye kompyuta, huko nako hufutika. Aidha, kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48, na asiye na ufunguo huo hataweza kuifungua hata kwa flashi ya Linux.

Kwa mafundi, ambao wengi wao ni watu waadilifu na wanatusaidia sana, ombi langu ni moja: kabla ya kufomati, muulizeni mteja ana nini ndani na kama ana nakala, kisha mtozeni gharama ya kunakili peke yake. Mimi ningeilipa bila kunung'unika.

Kikundi chetu kimekubali kununua diski ya pili itakayokaa kwa mweka hazina, na kila robo mwaka tutarejesha nakala hizo katika kompyuta yake mbele ya wanachama wawili, kabla ya kusoma taarifa ya hesabu.

Msomaji wako,
Katibu wa kikundi,
Morogoro.