Kwa mdogo wangu, mpiga dramu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi huku ni mzima, hofu yangu ni kwenu tu. Shikamoo zangu zifike kwa Baba na Mama kabla hujasoma mstari mwingine, maana nakujua, barua zangu unajifungia nazo chumbani na salamu zinabaki humo humo.

Rekodi uliyonitumia nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikainuka kitini. Mikono yako imekuwa myepesi, sneya, ile ngoma ndogo ya mbele yako, inatiririka, na mguu wa kulia umeacha ule uchelewaji wa zamani. Mara ya pili nikaanza kuwatafuta wenzako. Najua humo kuna kinanda na besi, uliniandikia mwenyewe, lakini dakika sita nzima zilipita na sikuweza kujua hata mmoja wao alikuwa anasema nini. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali lako linastahili barua, ujumbe wa simu hautoshi.

Umeniuliza wanamuziki wenyewe, wakikaa peke yao, humsifia nini mpiga dramu wa jazi fyusheni, hii jazi iliyochanganywa na roki na fanki, anayeweza kila kitu. Nimepiga besi pembeni ya wengi wao sasa, na nimekaa kwenye maongezi ya nyuma ya jukwaa baada ya watu kwenda zao. Kasi hutajwa, siwezi kukuficha, ila hutajwa mara moja na mazungumzo yakasonga mbele. Kinachowafanya watu wakae mpaka usiku wa manane wakimzungumzia mtu mmoja ni kwamba ukipiga naye unajisikia mwenyewe. Kila nota yako ina pa kutua. Unatoka jukwaani ukiwa umepiga vitu ambavyo jana hukuwa navyo.

Ngoja nikueleze kilichonipata wiki chache zilizopita. Tulikuwa kwenye mazoezi ya wimbo unaohesabiwa saba, mapigo saba kwa kila duru. Katikati yake mpiga saksafoni anaachiwa uwanja, mimi na dramu tunabaki chini yake, na ile saba tunaigawa mbili, mbili, tatu. Jamaa akaanza kuvuta sentensi zake kuvuka mipaka ya hesabu, tamu kweli kweli, nami nikaacha kuhesabu nikamfuata kwa sikio. Nikapotea. Besi ikipotea wimbo wote unaanza kuinama, na wa kwanza kulisikia hilo ni aliyekaa kwenye dramu.

Mpiga dramu wetu hakunitazama. Angeweza kukita kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, kwa nguvu kunionyesha moja, pigo la kwanza la duru, iko wapi, na wengi ndivyo wafanyavyo, lakini kishindo hicho kingekata sentensi ya saksafoni katikati na kumtangazia kila mtu kwamba dada kapotea. Yeye aliinua ncha ya kijiti kutoka mgongoni mwa toazi kubwa akaipeleka kwenye kitovu chake: ting. Pigo moja, jepesi, palepale kwenye moja. Duru iliyofuata akalirudia. Ya tatu nilikuwa nimesharudi njiani, na kijiti kikarudi mgongoni mwa toazi kama hakikuwahi kuondoka. Mpiga saksafoni mpaka leo hajui kilichotokea. Nilipomshukuru mpiga dramu tukiwa tunafunga vyombo, aliniambia toazi lilihitaji kung'aa kidogo pale. Akacheka, akaendelea kulegeza skrubu zake.

Pigo lile nililisikia kwa siku kadhaa. Fikiria aliyokuwa akiyafanya wakati huo huo: mguu wa kushoto unatunza hesabu, mkono wa kushoto unajibizana na saksafoni, na bado kuna sikio lililobaki la kunisikia mimi. Sikio hilo ndilo wenzake wanalolipenda.

Sasa nije kwenye hilo la kuweza kila kitu. Mtu wa nje hudhani ni kuwa na mitindo mingi mfukoni, swingi, roki, fanki, samba, na kuitoa mmoja baada ya mwingine. Kuijua mitindo ni lazima, lakini sisi tunaosimama karibu tunasikiliza uzito. Kwenye swingi mapigo yanaishi juu, kwenye toazi kubwa, na matoazi ya mguu wa kushoto yanafumba kwenye mbili na nne. Kiki inaguswa kwa wepesi kiasi kwamba mimi naihisi na msikilizaji haisikii. Kwenye fanki uzito wote unashuka chini, kiki na sneya ndio wenye nyumba, na toazi linabaki kupima nafasi tu. Nikiwa kwenye swingi naegemea toazi lake. Nikiwa kwenye fanki naegemea kiki yake. Fyusheni inaweza kukutoa upande mmoja hadi mwingine ndani ya baa nne, yaani duru nne za hesabu, na mpiga dramu anayebadilisha mapigo bila kuhamisha uzito ananiacha sina pa kuegemea. Mdogo wangu, hapo ndipo rekodi yako inapokwama. Kwenye sehemu ya swingi ulibadilisha mikono vizuri, lakini mguu wa kulia ulibaki fanki.

Kuna na kitu cha katikati, kati ya mapigo yaliyonyooka na yale yanayoyumba. Nota haziwezi kukiandika. Wapiga dramu wakubwa wana vipimo vingi ndani ya mwanya huo mdogo, na wakichagua kimoja wanabaki nacho wimbo mzima, hata wakati mikono inaruka huku na huku. Mpiga besi akikipata kipimo hicho pamoja nao, vidole vinaacha kuchoka.

Nikupe vya kusikiliza. Tafuta albamu ya Miles Davis iitwayo In a Silent Way, iliyorekodiwa Februari 1969. Upande wa kwanza ni kipande kimoja cha dakika kama 18. Kwenye dramu yupo Tony Williams, ambaye Miles alimchukua mwaka 1963 akiwa na miaka 17, na ambaye kwa miaka iliyofuata aliuchana mdundo wa jazi na kuushona upya usiku baada ya usiku. Mtu mwenye mikono ile anapiga nini humo? Matoazi ya mguu, yamefumbwa, mapigo manne kwa kila hesabu, karibu mwanzo hadi mwisho. Sikiliza kilichopo juu yake: vinanda vya Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul, gitaa la John McLaughlin, na tarumbeta ya Miles mwenyewe. Watu watatu wa vinanda kwenye chumba kimoja! Dramu nayo ingeanza kuongea, pasingebaki hewa ya kuvuta. Tony aliisikia nafasi hiyo akaiacha wazi, na kwa kuiacha wazi akaishikilia.

Halafu tafuta Emergency!, ya mwaka huo huo wa 1969. Ni Tony huyo huyo, safari hii na kundi lake la Lifetime, akiwa na McLaughlin na Larry Young kwenye ogani, na anapiga kama nyumba inaungua. Baadaye hata vyombo alibadilisha. Kiki ndogo ya inchi 18, ambayo wapiga jazi huikaza ikalia kama ngoma yenye sauti yake, aliiacha akachukua ya inchi 24, kwa sababu gitaa na ogani za umeme zilikuwa zimeujaza ukumbi. Wanamuziki wanapomtaja kwa heshima wanataja zote mbili, ile minong'ono ya Februari na moto uliofuata, kwamba zilitoka kwenye mikono ya kijana mmoja wa miaka 23.

Billy Cobham najua unampenda, na najua unachokipenda kwake. Alizaliwa Panama mwaka 1944, akakulia New York, akaitikisa dunia na Mahavishnu Orchestra ya McLaughlin kuanzia 1971. Wewe unamtazama mikono, jinsi anavyotunza mapigo kwa mkono wa kushoto kwenye dramu zilizopangwa za mtu wa mkono wa kulia, ili mikono isipishane na wa kulia ubaki huru. Mimi nakuomba usikilize albamu yake ya Spectrum ya 1973, wimbo wa Stratus, na kwa mara moja tu uache kumsikiliza yeye. Sikiliza besi. Anayepiga ni Leland Sklar, mtu aliyejulikana kwa kumpigia James Taylor nyimbo zake za utulivu. Baada ya ule utangulizi mrefu, besi inaingia na mstari mmoja mfupi, nayo inaurudia na kuurudia. Cobham, yule wa radi, anakaa juu ya mstari huo kama fundi juu ya cherehani, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Radi ikija inakuja mwishoni mwa sentensi, inapasua, na inatua kwenye moja pamoja na Sklar. Ningeulizwa ni wimbo gani ningetamani niwe nimeupiga mimi, ningetaja huo bila kusita.

Steve Gadd nitampitia haraka kwa sababu siku moja nitakuandikia barua yake peke yake. Kwenye wimbo wa Paul Simon wa 1975, 50 Ways to Leave Your Lover, ubeti ameupiga kwa sneya ya gwaride, laini, na kiitikio kikaingia kwenye mdundo mnyoofu kabisa. Miaka miwili baadaye, kwenye Aja ya Steely Dan, anafunguka na saksafoni ya Wayne Shorter juu yake, na hata pale anapojaza kila upenyo, Shorter haonekani kukimbia wala kusukumwa. Rudia hapo mara kumi.

Umeniuliza pia kama ni lazima ujue kusoma nota, maana mwalimu wako amesisitiza. Mpiga dramu Vinnie Colaiuta aliingia kwenye kundi la Frank Zappa mwaka 1978, mahali ambapo karatasi zilikuwa nyeusi kwa nota, na alizisoma. Kisha msikilize kwenye Seven Days ya Sting, ya 1993: inahesabiwa tano, na watu wanaiimba bila kujua wanahesabiwa tano. Usomaji wote ule umeyeyuka ndani ya wimbo. Dennis Chambers amekuja kwa njia ya sikio, kutoka kwenye fanki ya Parliament na Funkadelic hadi kwa mpiga gitaa John Scofield, na Blue Matter ya 1986 inaonyesha alivyokuja na fanki yake nzima bila kuiacha mlangoni. Jibu langu ni kwamba soma. Mwalimu wako yuko sahihi. Karatasi itakufungulia milango ya kazi ambayo sikio peke yake litagonga muda mrefu. Lakini usije ukaanza kutazama karatasi wakati mwenzako anakutazama wewe.

Jambo moja zaidi, ambalo sijawahi kuliona likiandikwa popote ila kila mpiga besi analijua. Piga kwa sauti ya chini. Kupiga kwa kasi na kwa nguvu ni misuli, inakuja ukikazana. Kupiga kwa kasi ileile kwa sauti ambayo kinanda bila spika kinasikika juu yake, na mdundo usilegee, hiyo inachukua miaka. Yule mpiga dramu wetu hufanya mazoezi nusu saa kila siku akiwa na metronomu, kile kifaa cha kugonga hesabu, iliyowekwa sauti ya chini kabisa. Akiacha kuisikia, anajua amezidisha. Anza na dakika kumi. Na unapofanya hivyo, imba mstari wa besi kwa mdomo, wote, pamoja na mapumziko yake. Mwanzoni mguu utagoma kabisa. Usiulazimishe, punguza mwendo.

Jack DeJohnette alianza kwenye piano akiwa mtoto, na akiwa kwenye dramu unamsikia anajua wimbo unakwenda wapi kabla haujafika. Piano huna, lakini mpiga kinanda unaye. Mwombe akufundishe akodi za nyimbo zenu, zile nota zinazopigwa pamoja, hata nne tano tu kwa kuanzia. Atashangaa, kwa sababu hakuna mpiga dramu anayemwombaga hivyo, na baada ya hapo atakupigia tofauti.

Mdogo wangu, nimekuwa mkali mahali pengine kwa sababu rekodi ile ni nzuri. Isingekuwa nzuri ningekusifia tu nikanyamaza.

Nirekodie tena wimbo uleule kabla mwezi haujaisha. Safari hii simu usiiweke mbele ya dramu. Iweke sakafuni, karibu na mpiga besi.

Wasalimie wenzako wawili, mwambie mpiga besi nasubiri kumsikia.

Ni mimi dada yako