Msimu wa Brignone mmempa nani?

Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Yamenipita mengi nikanyamaza, lakini taarifa yenu ya Aprili ya kufunga msimu wa skii imenishinda. Ile ya ukurasa wa ndani, juu ya tangazo la magodoro, mnaikumbuka. Mikaela Shiffrin mwanzo, Mikaela Shiffrin mwisho, na katikati sentensi moja tu ya slalomu kubwa ya wanawake, ile mbio ya kushuka mlima kwa skii ukipita kwenye milango, mkisema kwamba msimu huo "ulivurugika" Mmarekani alipoumia.

Ulimvurugikia nani? Mbio zilizokimbiwa msimu wa 2024–25 zilikuwa tisa, maana mbili za Mont-Tremblant kule Kanada zilifutwa kwa sababu ya hali ya hewa. Katika hizo tisa, Federica Brignone wa Italia alishinda tano: Sölden, Semmering, Sestriere siku mbili mfululizo, halafu Åre. Sara Hector wa Uswidi alichukua Killington na Kranjska Gora, Alice Robinson wa New Zealand akachukua Kronplatz, na Lara Gut-Behrami wa Uswisi akashinda ya mwisho kule Sun Valley. Brignone alikuwa na miaka 34. Siku ile ya Oktoba pale Sölden hakuna mwanamke mwenye umri wake aliyekuwa amewahi kushinda mbio ya Kombe la Dunia la skii, ule mfululizo wa mbio za msimu mzima, na kila aliposhinda tena aliivunja rekodi yake mwenyewe. Februari akabeba dhahabu ya slalomu kubwa kwenye ubingwa wa dunia huko Saalbach, na Robinson nyuma yake. Machi akarudi nyumbani na tufe la kioo, yaani tuzo ya bingwa wa msimu, la slalomu kubwa, la mteremko wa kasi, na lile la jumla ambalo ndilo baba lao. Huo ndio msimu uliovurugika.

Sasa niwaambie gazeti lenu lilivyonigharimu. Jumatatu ya tarehe 24 Februari nilikuwa barazani na jamaa zangu, nikawaambia kuwa Sestriere yule mama wa Kiitaliano ameshinda Ijumaa, akashinda na Jumamosi. Wakanibishia, nami nikaweka dau la kahawa kwa sababu nilitazama kwa macho yangu. Kijana mmoja akakunjua gazeti lenu. Kichwa cha habari: Shiffrin, Sestriere, ushindi wa 100. Kwamba alishinda Jumapili, halipo. Kwamba ilikuwa slalomu ya kawaida, ambayo ni mbio nyingine kabisa, halipo. Brignone hayumo, kama hakuzaliwa. "Mzee wangu, gazeti ndilo hilo limeandika," kijana akaniambia kwa adabu zote, na baraza zima likampa haki yeye. Muuza kahawa hakungoja rufaa. Aligongesha vijikombe vyake, akainamisha dele, akaanza kumimina kutoka kwa huyo kijana mpaka kwa mzee aliyekuwa amelala pembeni, ambaye hata hakuusikia ubishi wenyewe. Nikalipa, na kashata juu yake.

Hebu mwandishi wenu aelezwe mara moja, iishe. Katika slalomu ya kawaida vijiti vimebanana, na mkimbiaji anavipiga kwa mikono akipita. Katika slalomu kubwa kila mlango una kitambaa chake, milango imeachana mbali, na mtu anakuja kwa kasi huku amelala ubavu mpaka nyonga inakaribia kugusa theluji. Tena theluji yenyewe humwagiwa maji igande, iwe ngumu kama sakafu, ili wa mwisho asikute mashimo ya wa kwanza. Wanashuka mara mbili, na milango hupangwa upya baina ya mkondo na mkondo. Mkondo wa pili wanaingia 30 bora tu, na aliyeshika nafasi ya 30 ndiye anayetangulia, ndiyo maana mambo huiva dakika za mwisho. Nyakati zinajumlishwa, na mtu anaweza kukosa ushindi kwa sehemu chache za mia za sekunde. Shiffrin mwenyewe katika siku mbili zile za slalomu kubwa Sestriere hata jukwaa hakulikaribia.

Simchukii binti huyo. Ushindi wa 100 si mchezo, na kurudi mlimani baada ya kuanguka mbioni na kuchomwa tumboni, akikiri hadharani hofu aliyobaki nayo, kunataka moyo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alipoanguka Killington Novemba 30, akiwa anaongoza baada ya mkondo wa kwanza, mlitupa nusu ukurasa na picha. Nani alishinda mbio hiyo? Mpaka leo msomaji wenu hajui. Sara Hector alishuka mlima uleule, siku ileile, akawapita wote, na kwenu ni kama alikwenda kutalii. Halafu Aprili 3 Brignone akaanguka katika slalomu kubwa ya ubingwa wa Italia, akavunjika mguu wa kushoto kwa mivunjiko kadhaa na kano ya goti ikakatika, bingwa wa dunia, bingwa wa Kombe la Dunia, haujafika mwaka kabla ya Olimpiki ya nchini kwake mwenyewe. Taarifa yenu ya kufunga msimu ikatoka baada ya hapo. Neno moja hamna! Mmarekani akiumia msimu umevurugika, Mwitaliano akivunjika mguu magodoro yanaendelea kuuzwa.

Na tukiwa hapo hapo, kila Olimpiki ya baridi ikikaribia mnatutolea hadithi ya Mkenya mwenzetu Philip Boit, aliyekimbia skii Nagano 1998, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei aliyemngoja kwenye mstari wa kumalizia. Hadithi nzuri, tumeishiba. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, hapa hapa Pwani, alikwenda Pyeongchang 2018, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi, akabeba bendera kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuibeba, na moja ya mbio zake ilikuwa slalomu kubwa hii hii. Kwenu nimemkuta kwenye kile kisanduku cha "Je, wajua?", kati ya maisha ya kobe na urefu wa mto Nile.

Nafasi msiniambie hamna. Matokeo ya daraja la tatu la Uingereza mnayachapa kila wiki, mpaka timu ambazo majirani wa uwanja wao wenyewe hawaendi kuzitazama. Ondoeni mechi mbili za chini kabisa. Hapo wekeni mahali, mshindi, wa pili, wa tatu na tofauti ya muda, mistari minne, wala sitaki picha. Mbio nyingi huanza saa sita mchana kwa saa zetu na mkondo wa pili saa tisa, kwa hiyo mwandishi wenu atakuwa ameshapata hata chakula. Msimu mpya unaanza Sölden mwishoni mwa Oktoba. Muda wa kujifunza kuandika jina la Brignone upo wa kutosha.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa